Pasipoti Yetu na Printa Yao

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Huku Tongaren ni msimu wa kuvuna mahindi, na mwandishi wa programu akikutwa nyumbani kwao wakati wa mavuno hugeuka mbeba magunia kama watu wengine. Nilikuwa nimewaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata. Itangoja. Leo nina hasira, na hasira ikilazwa huchacha.

Habari yenyewe ni hii. Binti ya senge yangu ni nesi. Alisomeshwa kwa mahindi na kwa ng'ombe wawili waliouzwa. Mwaka huu aliitwa kwenye usaili wa kazi ng'ambo, na sharti la kwanza lilikuwa awe na pasipoti halali kabla ya tarehe fulani. Muda ulikuwapo wa kutosha. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ukoo, kazi ya kujaza fomu ikaniangukia. Niliijaza kwenye eCitizen nikiwa nimeketi jikoni kwa senge, tukalipa kwa simu, kisha tukashuka saiba ya Naitiri kuchapisha makaratasi. Mambo yalikuwa matamu mpaka hapo. Hata nilijisifu kidogo. Nilimwambia senge kwamba siku hizi serikali ni kubonyeza tu.

Binti akapewa miadi, akaondoka alfajiri kwa matatu ya kwanza. Ofisi aliyokwenda sitaitaja, maana waliompokea walikuwa wapole, na kosa si la aliyeketi dirishani peke yake. Afisa alilinganisha karatasi mbili mezani. Jina la pili kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa na herufi moja zaidi kuliko lililo kwenye kitambulisho. Herufi moja! Akaambiwa arudi akarekebishe. Wakili wa kuapishia hati, pesa. Nauli, pesa. Cheti kipya, pesa na majuma. Alipopokelewa hatimaye na kuchukuliwa alama za vidole, ikaanza ngoja ngoja nyingine. Nilikuwa nikifungua ukurasa wa kufuatilia kila asubuhi, na kila asubuhi lilikuwa neno lile lile. Tarehe ya usaili ikapita. Pasipoti ikatoka siku kumi na moja baadaye.

Senge aliishika, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Baba, si ni wewe ulisema ni kubonyeza tu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ndiyo jibu langu, ijapokuwa senge hatalisoma.

Tuanze na kile kitabu chenyewe, maana wengi wetu tunakibeba bila kujua kilivyo. Ukiwa na pasipoti karibu nawe, fungua ukurasa wa picha. Chini kabisa utaona mistari miwili ya herufi, tarakimu na alama kama hii: <. Kila mstari una nafasi 44, si zaidi, si pungufu. Utaona KEN, yaani Kenya. Utaona tarehe yako ya kuzaliwa ikianza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, na baada yake tarakimu moja iliyokaa peke yake kama mgeni. Tarakimu hiyo ni ya ukaguzi.

Inapatikana hivi. Tuseme mtu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1990. Itaandikwa 900412. Chukua kila tarakimu, uizidishe kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1. Yaani 9 mara 7 ni 63, sifuri na sifuri hazina kitu, 4 mara 7 ni 28, 1 mara 3 ni 3, 2 mara 1 ni 2. Jumla 96. Gawanya kwa 10, kinachobaki ni 6. Hiyo 6 ndiyo huandikwa mwishoni. Sasa tuseme mtu akosee aandike 21 badala ya 12. Jumla inakuwa 98, kinachobaki ni 8, na mashine inajua papo hapo kuna kosa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuikokotoa hesabu hii kwa penseli.

Hayo yamo katika kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kwenye waraka unaoitwa 9303. Tangu mwaka 2017 Kenya hutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo marais wa Jumuiya waliamua juu yake Arusha mwaka 2016. Ndani yake kuna chipu. Chipu ina picha yako na maelezo yako, na juu yake imetiwa saini ya kidijitali ya nchi. Afisa wa uwanja wa ndege wa Frankfurt hajawahi kusikia jina Tongaren. Lakini mashine yake husoma ile mistari miwili, hupata humo ufunguo wa kuzungumza na chipu, hukagua saini, na kwa sekunde chache huamini kwamba Kenya ndiyo iliyosema maneno yale na hakuna aliyeyagusa.

Uzuri wa jambo hili ni mkubwa. Mataifa yasiyopendana, yanayotukanana kwenye mikutano, yameketi yakakubaliana jinsi ya kuandika jina la mtu kwenye nafasi 44. Sera ya mambo ya nje ukiivua suti ni hiyo: makubaliano kuhusu nani aaminiwe, na kwa ushahidi gani.

Sasa njoo nyumbani. Mashine ya Frankfurt hugundua tarakimu iliyokosewa kwa kuzidisha na kujumlisha. Mifumo yetu hugundua herufi iliyozidi kwa macho ya binadamu, mezani, baada ya msichana kulipa, kuchapisha, kulala saa nne na kuamka saa tisa usiku. Kila mwandishi wa programu anafundishwa juma la kwanza: kagua kinachoingia mapema, mlangoni, kabla hujamtoza mtu wala kumsafirisha. Fomu ile ilikuwa na nambari ya kitambulisho chake. Ilikuwa na nambari ya cheti chake. Ingeweza kulinganisha na kumwambia pale pale jikoni kwa senge: majina hayalingani, rekebisha kwanza. Haikusema lolote. Ilipokea pesa ikanyamaza.

Na hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Anayeandikisha vizazi, anayetoa vitambulisho na anayetoa pasipoti wote wako chini ya idara kuu moja, ile ya Uhamiaji na Huduma kwa Raia. Ni nyumba moja yenye vyumba vitatu. Raia anatoka chumba cha kwanza na karatasi, anazunguka nje kwenye mvua, anabisha chumba cha pili akiwa na karatasi ile ile, anaombwa fotokopi yake, kisha anaulizwa kwa nini haifanani na ile ya chumba cha tatu. Kosa la herufi lilifanywa na karani wa serikali zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Aliyelipia ni binti ya senge.

Huku kwetu jambo hili si la mtu mmoja. Tongaren ni nchi ya masikimu, watu walihamia hapa baada ya uhuru wakitokea pande nyingi, na majina yetu yaliandikwa na makarani wasiojua lugha zetu. Familia moja unaweza kukuta jina la babu limeandikwa kwa njia tatu. Mfumo usiovumilia herufi moja ni mfumo uliojengwa na mtu asiyewahi kuona daftari la chifu.

Wakati huo huo, huko juu, sera inakimbia. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha kuwadai wageni viza, ikaleta kibali cha kielektroniki cha dola 30 kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Januari 2025 baraza la mawaziri likaamua kuwaondolea hata kibali hicho Waafrika karibu wote, isipokuwa wa Somalia na Libya. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira. Habari zikasambaa kwamba kuna nafasi 250,000, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikazikanusha waziwazi. Hata tukiiacha hesabu hiyo, mlango umefunguliwa. Nauliza: nani atapita humo bila pasipoti? Wizara moja inatia saini, wizara nyingine inachapisha vitabu, na kati yao kuna shimo la upana wa maisha ya kijana.

Msiniambie ni kwa sababu watu wa magharibi hawako mezani. Moses Wetang'ula wa hapa hapa Bungoma aliingia wizara ya mambo ya nje mwaka 2008. Oktoba 2023 wizara hiyo ilipewa Musalia Mudavadi wa Vihiga. Foleni haikupungua kwa ajili yetu, na haikupaswa kupungua kwa ajili yetu. Printa haina kabila. Mwaka 2023 serikali yenyewe ilikiri kwamba mashine za kuchapisha pasipoti zilikuwa mbovu na vitabu havitoshi, na waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akawa anafika Nyayo House mwenyewe, akizungumzia hadharani mitandao ya rushwa. Kisha mwaka 2024 ada ya pasipoti ya kurasa 34 ikapanda kutoka takriban shilingi 4,500 hadi 7,500. Mkulima wa Ndalu apige hesabu mwenyewe hayo ni magunia mangapi.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, nchi inayoitwa Estonia. Ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, jirani na Urusi. Watu wake ni kama milioni 1.3. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu kaunti ya Bungoma peke yake watu zaidi ya milioni 1.6. Kwa hiyo yule anayesema "Estonia wameweza kwa kuwa ni wadogo" aanze na Bungoma. Estonia ilipotoka chini ya Wasovieti mwaka 1991 haikuwa tajiri. Mwaka 2001 walianza kutumia mfumo unaoitwa X-Road. Sio hifadhidata moja kubwa ya kutisha. Kila ofisi hubaki na daftari lake, ila madaftari huulizana maswali kupitia njia moja iliyolindwa, na kila swali huandikwa lilikotoka. Sheria yao inakataza serikali kumwomba raia kitu ambacho tayari iko nacho. Raia anaweza kuingia mtandaoni akaona ni ofisi gani iliyofungua faili lake. Na msimbo wa X-Road ni programu huria. Mimi na wewe tunaweza kuupakua leo usiku, stima ikiwapo.

Nimeichagua Estonia kwa sababu nyingine pia. Aprili 2007 serikali yake iliihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti katikati ya mji wa Tallinn. Urusi ikakasirika, na kwa majuma kadhaa mabenki, magazeti na ofisi za Estonia zikafurikishwa maombi bandia mtandaoni hadi zikashindwa kufanya kazi. Uamuzi wa kisiasa ukageuka kuwa seva zilizoanguka. Je, hili ni geni kwetu? Juni 2023 tulizinduliwa "Gava Mkononi", huduma maelfu kwenye eCitizen. Mwezi haujaisha, Julai 27, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaifurikisha eCitizen vivyo hivyo, likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Wageni ikabidi wapewe viza wakifika kwa sababu mtandao haukuwa unafanya kazi. Mwaka uliofuata Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya Wasudani wawili ndugu kwa kuendesha kundi hilo. Msimamo wetu kuhusu Khartoum ulifika mpaka kwenye simu ya mtu aliyekuwa akijaza fomu Kiminini.

Tofauti iko katika kilichofuata. Estonia ilijifunza, ikafikia hata kuweka nakala za hifadhidata zake muhimu Luxembourg, kwenye chumba chenye kinga kama ya ubalozi. Na mwaka 2017 watafiti wa Brno, Jamhuri ya Cheki, walipogundua kasoro katika chipu za vitambulisho vya Estonia, karibu 750,000, serikali ilijitokeza Septemba ikawaambia watu wake ukweli, na Novemba ikasimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo mpaka vifanyiwe marekebisho. Iliona aibu mbele ya dunia, lakini ilisema. Huku kwetu tunasikia maneno matatu: "sistimu iko chini". Tangu lini? Mpaka lini? Kwa nini? Hakuna.

Nisije nikaonekana ninaabudu Wazungu. Estonia si malaika. Baada ya uhuru wao, wakazi wengi wanaozungumza Kirusi walijikuta hawana uraia wa nchi yoyote, wakapewa pasipoti za kijivu, na wako wanaozibeba hadi leo. Hakuna X-Road iliyowatatulia hilo, maana kompyuta haiamui nani ni mwananchi. Sisi tunalijua somo hilo. Wamakonde, Washona na Wapemba walikaa Kenya miongo mingi bila kutambuliwa, mpaka siasa ilipoamua. Mfumo mzuri unaobeba sera mbaya huitekeleza kwa haraka zaidi, basi.

Najua nitakayoambiwa. "Usalama, kijana. Pasipoti haiwezi kutolewa kama karanga." Nakubali kabisa kwamba ikaguliwe. Lakini ucheleweshaji si ukaguzi. Mhalifu mwenye pesa hakai kwenye foleni, huipita. Anayekaa ni nesi. Na foleni yenyewe ndiyo shamba la mawakala: ondoa ngoja ngoja, wakala atauza nini?

Wengine watasema vijiji havina teknolojia. Machi 2007, mwezi mmoja tu kabla ya mashambulizi ya Tallinn, M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya. Leo bibi wa Kabuyefwe akitumiwa shilingi mia mbili, ujumbe unafika kabla hajaweka simu chini: kiasi, jina, saa, nambari ya muamala. Anakujua kukosea jina, na anajua pesa iko wapi. Tatizo si kijiji. Kijiji kimezoea mashine inayojibu.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na wala siyaombi kwa upole. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 12, inasema kila mwananchi ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya. Haikusema "ikiwa printa imeamka vizuri".

Kwanza, nyumba moja isiniombe karatasi inayotoka chumba chake yenyewe. Vyumba viulizane, na kila swali liandikwe ili niweze kuliona.

Pili, majina yalinganishwe mtandaoni kabla ya malipo. Tofauti ya herufi moja au mbili, nambari na alama za vidole zikiwa sawa, isahihishwe bure na ofisi iliyokosea.

Tatu, kila asubuhi itangazwe kwa kila ofisi: maombi yaliyopokelewa, yaliyochapishwa, yanayosubiri, na la zamani zaidi lina siku ngapi. Nambari nne tu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ipo tangu 2016. Ukurasa wa namna hiyo ningeuandika mimi kwa siku moja, na bila malipo.

Nne, mfumo ukianguka, semeni umeanguka saa ngapi na mnafanya nini. Na mtu aliyepoteza nafasi kwa sababu hiyo apewe barua inayosema hivyo, ili aionyeshe kwa mwajiri.

Hili la nne ndilo lingemwokoa binti ya senge. Alimwandikia mwajiri kueleza, lakini hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba uzembe haukuwa wake. Kutoka ng'ambo alionekana msichana asiyejipanga. Hilo linauma kuliko pesa.

Ameomba tena, kwingine. Safari hii pasipoti anayo, imelala kwenye sanduku la senge chini ya vyeti vya chanjo vya watoto. Tunangoja jibu. Mimi narudi kwenye mahindi, na sehemu ya pili ya hifadhidata itakuja mvua ikikatika. Wewe uliyeomba pasipoti, niandikie: ulingoja siku ngapi, na uliambiwa sababu gani? Usitaje jina lako wala la afisa. Nataka siku na sababu tu. Nitazipanga kwenye jedwali, tuzione sote.